Hajja Bit-al-Mina Amfukuza Mkwewe

Babikir alikuwa afisa wa serikali ya Waingereza pale Omdurman, suruali imenyooka, lakini alilala kwa wakweze. Ndiyo desturi: ukioa, unakaa kwanza kwa kina mke. Na hapo ndipo ofisi ilipomkaba. Posho ya nyumba, walisema, ni ya asiye na makazi. Yeye ana kitanda cha bure.

Mwaka mzima alibishana nao. Si kwa tamaa. Mama yake alikuwa mbali, Dongola, peke yake, macho yanazidi kufifia, na mwenye haya hamleti mama yake akae kwa wakwe.

Hatimaye mkaguzi, Bwana Pelham, akasema atakuja kujionea. Babikir akamtuma mkewe Sakina amwombe mama yake mzazi, Hajja Bit-al-Mina, aseme kwamba anapokea kodi.

Sakina akarudi kichwa chini. "Mama anasema kitanda cha mkwe hakiuzwi, hata kwa uongo."

"Basi nimekwisha," Babikir akasema.

Mkaguzi alipofika na kunywa chai yake uani, akauliza, "Mama, kijana huyu anakulipa?"

Hajja Bit-al-Mina, ambaye kwa heshima hakuwahi kusemezana na mkwewe ila kupitia kwa binti yake, akasimama. "Anilipe? Huyu?" Akaingia ndani, akatoka akiburuta kitanda cha kamba mpaka barabarani. Vikafuata viatu, kanzu, kilemba.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Huyu mwaka wa nne anakula mkate wangu wa kisra! Toka!"

Majirani wakajaa milangoni. "Amefukuza mkwe! Mwanamke gani huyu?" Babikir alitamani ardhi immeze.

Hajja akamgeukia mkaguzi. "Haya, Bwana, sasa ana pa kulala? Andika."

Bwana Pelham akaandika, akaondoka.

Gari lake lilipopinda kona, Hajja akajifunika vizuri, sauti ikashuka. "Mwanangu, leo lala kwa rafiki yako. Sakina atakuletea chakula. Na hiyo nyumba usiitafute mbali, mama yako atataka mtu wa kunywa naye kahawa."

Ndipo Babikir akaelewa. Mama huyu asiyekubali kusema uongo alikuwa ameliuza jina lake mbele ya mtaa mzima ili mama mwingine apate mahali. Akambusu kichwani, watu wakitazama, machozi yakimtiririka, akisema asante, mama, asante.