Chuma cha Nje, Chuma cha Ndani

Charlène alikuwa amekula kiapo mbele ya mumewe, mbele ya mama mkwe wake, na mbele ya daktari aliyemfunga bega: hatapanda tena ile jipu. Si kwenda Kamituga, si kwenda sokoni, hata kusogezwa tu uani hataki. Gaston, mumewe, alisikia, akaliacha gari likae chini ya turubai nyumbani kwao Bagira, mjini Bukavu.

Asiyewajua hawa wawili angesema, basi si dereva atafute mtu mwingine wa kwenda naye? Angeweza. Lakini ile jipu haikuwa ya mtu mmoja. Gaston alishika usukani, Charlène akakaa kiti cha kulia, wakapakia abiria, chumvi na vitenge vya Charlène mpaka Kamituga, wakarudi na mafuta ya mawese. Charlène ndiye aliyejua nani anashukia wapi, nani hutapika njiani, nani anadanganya uzito wa gunia lake. Njia nzima waligombana na kucheka, wakicheka huku bado wanagombana. Tangu ajali, nyumbani walikaa kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Charlène aliyakosa yale magomvi ya njiani kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Mvua ilinyesha, ukingo wa barabara ukameguka, gari likaenda kulala juu ya paa lake katika shamba la mihogo. Hakufa mtu, Mungu asifiwe. Ila paa la upande wa kulia lilibonyea mpaka karibu na dashibodi, na Charlène akabaki humo kichwa chini miguu juu, bega limevunjika, hadi wakulima walipokuja kuligeuza gari kwa mikono. Bega lilipona. Kilichokataa kupona ni ile hali ya kungoja, bati la paa likimgusa shavu. Hata akioga, akilikumbuka lile bati alifungua macho haraka, sabuni ikamwingia.

"Tutatia arceau," Gaston alimwambia asubuhi moja, akimaanisha kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisibonyee gari likipinduka. "Ikiisha, utaniambia kama utapanda ao hautapanda. Siwezi kukulazimisha."

"Nitakuya kuona," Charlène akajibu. "Kuona tu."

Gaston akalitoa gari chini ya turubai, na Charlène akamfuata kwa pikipiki ya kukodi mpaka Kadutu, kwa fundi Cyprien. Cyprien ni mchomeleaji hodari, lakini ana ugonjwa mmoja: hukubaliana na kila mtu anayefungua mdomo mbele yake.

Gaston alitaka kizimba cha nje. Alikuwa ameviona kwenye simu, katika video za magari ya mashindano, na moyo wake ulikuwa umeshakwenda huko.

"Inapita inje, inashika chini ku châssis, inafunika gari yote," alisema, mikono ikichora hewani. "Mule ndani nafasi inabakia, batu batatu mbele sawa zamani. Na itaonekana tangu Muhumba mpaka Bagira!"

"Ni vile kabisa," alisema Cyprien.

"Na ya ndani?" aliuliza Charlène.

"Ya ndani nayo iko muzuri sana, maman. Inakaa chini ya paa yenyewe, paa haiwezi tena kushuka. Ila inakula nafasi. Na vichwa vitaigonga, kama haina kitu ya kulainisha."

"Umesikia?" Gaston akadaka. "Vichwa vitagonga. Tutie ya inje."

Charlène alijua mumewe akipenda kitu huwezi kumtoa kwa maneno, sharti akione mwenyewe kikimgeuka. Basi Cyprien akakunja mabomba, akaunga, akakifunga kizimba cha nje kwa bolti za muda ili wakitazame kwanza. Na kweli, kilipendeza. Jipu ilisimama kama mwanajeshi aliyevaa sare mpya. Gaston aliizunguka huku akimeza mate, kisha, kwa kuwa hana subira, akaiendesha polepole hadi kando ya soko la Kadutu, ati kutafuta bolti zilizo bora. Charlène akashuka kwa miguu.

Jamani, Bukavu! Alipofika sokoni, Gaston bado alikuwa dukani, na gari lilikuwa limeshajaa. Halikuita mtu, halina safari, lakini juu ya mabomba walikaa vijana wawili wakining'iniza miguu kwenye kioo. Maman mmoja alikuwa anafunga mikungu ya ndizi ubavuni. Mzee wa makamo, koti lake limefungwa vifungo vyote, alikuwa ameshakalia bomba la juu kabisa na godoro amelipakata.

"Inaenda Kamituga?" kijana mmoja alimwuliza Charlène.

"Haiendi hata fasi moja," alisema Charlène, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu acheke hivyo.

Gaston akatoka dukani, akakuta mambo hayo. Alimtazama mkewe, akaelewa kwamba anatazamwa.

"Nitabashusha," alisema.

"Bashushe, nione."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gaston anaweza kuvuka mto uliofurika, lakini neno "hapana" humkwama kooni. Alimkaribia yule mzee kwa adabu zote.

"Papa, samahani, shuka kidogo."

"Aksanti, mutoto wangu," alisema mzee. "Niko muzuri hapa. Ila godoro inateleza. Saidia kufunga kamba."

Na Gaston, baba wa watu, akapanda tairi, akamfungia kamba. Alipokaza fundo la pili ndipo mikono yake ikasimama. Aliyatazama mabomba, akawatazama wale vijana, mikungu ya ndizi, godoro. Uzito wote uko juu. Katika ukingo uliolowa, gari lenye uzito wote juu halihitaji kusukumwa. Akageuka kumtazama Charlène, kamba ingali mkononi.

"Kwetu huku chuma ya inje iko kiti," Charlène alimwambia kwa upole. "Na weye hauwezi kukatalia mutu. Mi sikuolewa na mutu wa kukataza batu, najua. Tutie ya ndani."

"Na kichwa yako? Itagonga."

"Chuma nitaivalisha nguo."

Iliwachukua muda kumshusha yule mzee, na aliondoka amenuna. Cyprien alikubaliana nao mara moja, kama kawaida yake. Alikifungua kizimba cha nje, akakunja mabomba mengine, akayapitisha chini ya paa na kandokando ya milango, akayafunga sakafuni juu ya mabamba mazito. Nafasi ya abiria mmoja ilipotea. Gaston aliiaga kwa macho.

Charlène alirudi na sponji ya godoro, sindano kubwa, na kitenge cha manjano alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sikukuu. Alijaribu kupima bomba akiwa amesimama nje, mkono umepenya dirishani. Kipimo hakikukaa. Akafungua mlango, akaegemea. Bado. Alihitaji kujua kichwa chake kitafika wapi hasa. Basi akaingia, akakaa, akainua kichwa hadi kikagusa chuma, akaweka alama kwa chaki, akaanza kushona.

Alikuwa ameshazungusha sponji nusu ya bomba alipogundua amekaa wapi. Sindano ikasimama. Lile bati lilirudi shavuni mwake. Alishika bomba kwa mikono miwili akalivuta kwa nguvu zake zote. Alilichukia, akalivuta tena. Halikutikisika hata kidogo.

Gaston alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa ameona tangu mwanzo.

"Unaangalia nini?" Charlène alimwuliza. "Panda. Unipeleke nyumbani."

Walipanda mlima kuelekea Bagira polepole, Charlène akiwa ameshikilia kitenge cha manjano kilichokuwa bado na sindano. Kwenye kona kijana mwenye gunia aliwapungia, akaliangalia paa tupu, akawa tayari kuruka.

"Hapana!" Gaston akapiga kelele, kisha akashtuka kwa kujisikia.

Charlène alicheka mpaka bega likamuuma.

"Umekata kona mubaya," alisema. "Kama unaendesha vile mpaka Kamituga, tutagombana."