Pindo la Kanzu Nyeupe

Kanzu ya ubatizo isiyo na uzito chini huelea majini kama turubai, dada wa watu akabaki mapaja nje mbele ya kwaya nzima. Ndiyo maana kanzu zote za kanisa lile zilishonwa na fundi cherehani waliyemwita Kipimo, na pindo zikamaliziwa na mama yake, ajuza asiyeona, aliyetia vikokoto ndani yake na kuzishona kwa mkono. Haoni, ndiyo, lakini mshono wake ungemtia haya mwenye macho.

Jumamosi moja alipewa kanzu ya mwisho. Akaipima mabega kwa shibiri, akarudia kuyapima.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja, mama."

"Mteja gani huyo mwenye mabega ya marehemu baba yako?"

Kipimo akachekacheka, cheko la mwizi aliyekutwa na kuku kwapani. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akasema kweli: kesho anabatizwa. Na alitaka kwa moyo wote, msimwonee. Kila sinia la Meza ya Bwana lilipompita likamfikia mkewe, alijiona mgeni mlangoni.

"Wewe ulishabatizwa ukiwa mchanga," mama alisema.

"Yale yalikuwa maji tu, mama," mkewe akadakia huku anapiga pasi. Huyo naye, ulimi hauna breki. "Kitoto kinajua nini? Asiyezamishwa kwa imani yake mwenyewe hajabatizwa."

Mama akaweka sindano chini. Kipimo hakuzaliwa peke yake. Pacha wake alikufa kabla hajaota jino, siku ileile walipobatizwa wote wawili kwa beseni moja. Padri akamwambia mama: usilie, kwa maji haya mwanao amefika mbinguni. Neno hilo ndilo lililomweka hai mwanamke huyu. Kitambaa cheupe alichovikwa yule mtoto siku hiyo alikilalia chini ya mto, asikiguse mtu, na kila jioni alimwambia marehemu wake, "Nishikie nafasi, mwanangu."

"Mwenzio yuko wapi?" aliuliza.

"Mbinguni, mama. Mungu hamtupi mtoto, kwa maji au bila maji."

"Sikukuuliza habari za bila maji. Yale maji yalikuwa kitu, au hayakuwa kitu?"

Kipimo akaanza kukunja utepe wake wa kupimia.

"Basi usijisumbue," mama akasema. "Ukizama kesho, utakuwa umenijibu." Akaokota sindano, akamaliza pindo lote bila kukosea hata tundu moja.

Asubuhi Kipimo alifika kisimani pa ubatizo miguu mizito. Mara mbili alitaka kugeuka, mara mbili mkewe akamkazia jicho. Mchungaji akamuuliza, "Umeamua mwenyewe?"

"Nimeamua."

Akazamishwa. Kanzu haikuelea hata chembe. Kazi ya mama hiyo. Alipoibuka alilia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli, jamani, hilo ndilo baya lake.

Alikimbia nyumbani nywele zinachuruzika, amwangukie mama miguuni. Akamkuta ameketi kwenye cherehani, anaifuta mafuta meusi. Anafuta taratibu, anaingiza kidole kila kona. Kipimo akatazama mkononi mwake, akakiona kile kitambaa.

"Mama! Hicho si cha mwenzangu?"

"Umezama?"

Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, na masikio ya mama yalikuwa mazima.

"Ni kitambaa tu, baba," mama akasema, akakigeuza kutafuta kwa vidole pembe isiyo na mafuta, akamnyooshea. "Hapa bado pasafi. Jifute kichwa, usije ukapata mafua."