Kitenge cha Ismaël kwenye Skrini

…inawaka polepole kama kompyuta zote za enzi zile, diski inakwaruza, skrini bado nyeusi, na Aurore amesimama upande wa pili wa meza yangu hapa Muhima, ananieleza kwamba waliikuta chini ya majora ya vitambaa kwenye karakana ya baba yake, Kimisagara, wiki tatu baada ya mazishi, nami naitikia ndiyo, ndiyo, simsikii vizuri, kwa sababu baba yake ni Ismaël na mimi sikwenda kumzika, nilituma ujumbe kwamba nina homa… sikuwa na homa… homa alikuwa nayo yeye, kule Bujumbura tulikosoma, mwaka tisini na mbili, siku wakaguzi walipokuja shuleni, malaria kali, na mimi nikabaki peke yangu na programu yake. Sisi wengine tulikuwa tunaiomba mashine ituwekee nukta moja, halafu nyingine, picha inashuka taratibu mpaka unasinzia, Ismaël akasema kwa nini tuombe, tuandike wenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, kila nukta ina mahali pake, mstari mara mia tatu na ishirini, ongeza safu wima, weka namba ya rangi, basi, rangi imeshatokea… akachora kitenge cha mama yake kikipepea, sijawahi kuona kitu kinakwenda kasi vile. Na mimi nikaifungua ile programu, jina lake lilikuwa mstari wa juu kabisa, nikalifuta, nikaandika Théoneste, wakaguzi walikuwa na nafasi moja tu ya kwenda kusoma Ubelgiji, nikajiambia nitamweleza, nitamweleza nikirudi… nikarudi, yeye akawa fundi cherehani, alinishonea suti ya harusi, alinipima mabega na futi shingoni, nikasubiri aniulize, akauliza tu kama mikono inanibana.

“Mzee, iko inaonyesha kitu.”

Inaonyesha, ndiyo, kitenge kilekile, kinapepea, sasa kina mikunjo na kivuli, kwa hiyo hakuacha, aliendelea kuandika huku anashona, na chini kuna tarehe, miaka mitano baada ya mimi kuondoka, na majina mawili, Ismaël na Théoneste… langu, ameliweka yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, wakati alikuwa anajua, maana shule nzima ilijua nimepelekwa kwa kazi gani.

“Papa alikuwa anasema hii mulifanya pamoja,” Aurore anasema. “Ni kweli?”

Ni rahisi kusema ndiyo, amenirahisishia, angesema mwizi ningejitetea, nina maneno ya kujitetea ya miaka thelathini, nimeyapanga vizuri, lakini hakusema, akanipa nusu ya kitu nilichokwisha kumnyang'anya chote, na huyu binti ananiangalia kwa heshima, anataka tu kujua baba yake alikuwa nani, na mtu pekee aliyebaki wa kumwambia ni mimi… nasema, sikufanya kitu, aliandika peke yake, mimi niliiba, lakini nasema chini sana, na pikipiki inapita barabarani, Aurore anainama juu ya meza.

“Unasema nini, mzee?”

Navuta kiti, namwambia akae, na ninaanza upya, kwa sauti.