Fungu la Nana

Miaka kumi na minane Amin alipika kwenye meli za Waingereza. Wenziwe walipojenga nyumba za kujionyesha pale Shella, Malindi, yeye alinunua hisa. Za Nairobi alinunua chache za kila kampuni iliyokuwa sokoni. Za ng'ambo aliziweka katika mfuko mmoja wa uwekezaji wa London, uliotawanya pesa zake kwa mamia ya kampuni za Uingereza, Marekani na Japani. Hakuchagua wala hakuuza.

"Sijui nani atashinda," alimwambia mkewe Mahfudha, "basi nimewashika wote. Usiziguse mpaka Nana awe mtu mzima."

Nana, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka minane.

Amin akafa mwisho wa Septemba 1987, Mahfudha akakaa eda. Hata mwezi haujatimia, masoko ya hisa ya dunia nzima yakaporomoka. Athman, nduguye marehemu, alisikia redioni akaja mbio, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, mali inayeyuka. Na hii ni mirathi, haigawiki mpaka iuzwe. Nyumba ya baba si tuliiuza ndipo tukagawana? Tia sahihi."

Jina la Mahfudha lilikuwa kwenye hati za hisa pamoja na la mumewe, sahihi yake ilitosha. Mwenye eda hatoki kwenda kwa kadhi, ni kweli, lakini tusimtafutie udhuru: angeweza kutuma mtu akaulize kama ni lazima kuuza. Hofu ilimkaba. Kila siku redio ilitaja hasara mpya, na Athman alikuwa mrithi, si mwizi. Akatia sahihi.

Pesa za hisa za London zilikuja zimepungua zaidi ya robo. Hisa za Nairobi, kwa kuwa redio haikuzitaja, zilisahauliwa kabatini.

Februari eda ikaisha, Mahfudha na Athman wakaenda kwa kadhi, na Nana pamoja nao. Mzee yule alizifungua hati za Nairobi, akaandika bila kusita: thumuni, yaani moja ya nane, ya hisa kwa mjane, nusu kwa binti, zinazobaki kwa ndugu.

"Haziuzwi kwanza, Sheikh?" Mahfudha aliuliza.

"Ziuzwe kwa nini? Hisa si nyumba, mwanangu. Zinagawika zilivyo. Na za London alizonitajia marehemu ziko wapi?"

Athman akakohoa, akaanza habari za redio. Mahfudha akamkatiza.

"Niliziuza mimi."

"Haziwezi kununuliwa tena?"

Karani wa benki alikwisha kumweleza: pesa zikishaingia nchini, kuzitoa tena ni kwa ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo hapewi mjane wa Malindi.

"Hapana, Sheikh."

Kadhi akauliza kiasi kilichopatikana, akakigawa vile vile. Hakumgombeza, na Mahfudha alitamani sana amgombeze. Nusu ya hasara ile ilikuwa ya Nana, aliyekuwa nje kibarazani akicheza, hajui kwamba aliyemdhulumu ni mamake.