Jina Lote la Filamu ya Mwanangu

Siku ya Ijumaa, wageni wakiwa wanakuja kesho yake, nilikwenda dukani kwa Isa hapa Walukuba, mjini Jinja, nikamwomba aandike jina lote.

Isa anawatilia watu filamu kwenye simu na flashi. Tena ndiye mwenye ile orodha ya mtandaoni, ya filamu zote zilizotengenezwa Jinja, Mbale na huku kwetu mashariki. Mtu akiwa hata Juba, akitaka kujua filamu fulani inahusu nini na nani kaicheza, anafungua orodha ya Isa.

"Isa mwanangu," nikamwambia, "ile ya Odongo. Ongeza maneno mawili tu."

"Jaja, umeanza tena?" Vijana wa hapa bibi humwita Jaja.

Filamu yenyewe inaitwa *Odongo Aliuza Bunduki, Ndivyo Walivyosema*. Kwenye orodha ya Isa imeandikwa *Odongo Aliuza Bunduki*, basi, na chini yake: kisa cha kweli.

Odongo ni mwanangu. Alikuwa askari magereza. Bunduki ilipopotea ghalani wakamshika yeye, akakaa rumande miaka miwili, mpaka bunduki ikaonekana kwa mtu mwingine na hakimu akamwachia. Kazi hakurudishiwa. Akaenda Busiu kulima mahindi kwenye kipande alichotuachia baba yake. Alipokuja mtu wa kamera kutoka Mbale, anataka kuitengenezea kesi ile filamu, Odongo alikubali kwa sharti moja: yale maneno mawili ya mwisho yasiondolewe.

"Watu wanatafuta kwa jina fupi," Isa akasema, mkono uko kwenye kompyuta, macho kwa mteja mwingine. "Hakuna anayekuja hapa kunisomea jina refu kama treni. Anasema, nipe ile ya bunduki. Nikikuandikia wewe, kesho kila mwenye filamu atakuja na treni yake. Nina filamu mia sita, Jaja."

"Na wewe kitambulisho chako wameandika Isa peke yake?"

"Kile ni cha serikali."

"Hii nayo ni ya mwanangu."

Akacheka. Halafu akainama, akasema polepole ili mteja asisikie, "Lakini Jaja, tusisahau nani alilikata."

Nikageuka kuangalia kama mteja amesikia.

Mimi niliendesha kibanda cha video Walukuba miaka ishirini. Nje nilikuwa na ubao, na ubao wangu ulibeba maneno matatu kwa mstari. Darasa la nne niliacha shule, mwandiko wangu ni mkubwa. Kwa hiyo kila filamu, hata iwe na jina la maneno kumi, kwangu ilipata matatu. Isa alipoanza orodha yake alikuja kwangu na daftari, kwa sababu filamu za huku zote zilipita kwenye kibanda changu. Nikamsomea majina kutoka kwenye kitabu changu, moja baada ya moja, kama nilivyozoea. Na ya mwanangu nikaisoma vilevile. Midomo ilienda yenyewe.

Odongo alipoiona kwenye mtandao aliapa kwamba Isa akikutana naye atamvunja mikono. Nikamwacha aape. Mwaka mzima na miezi nikamwacha.

"Wakwe wanakuja kesho," nikamwambia Isa. "Siku hizi watu wanaulizia ukoo kwenye simu."

"Jumatatu, Jaja. Leo umeme hautabiriki."

Jumamosi asubuhi na mapema nikapanda gari, saa nne nilikuwa Busiu.

Wageni walifika saa saba. Walitoka Kimaka: Afande Herbert, mwanajeshi mstaafu, baba wa kijana; Aber, dada yake Afande; na Jimmy mwenyewe, aliyemtaka mjukuu wangu Ritah, binti wa Odongo. Tukawasalimu, wakakaa kwenye viti, mimi nikakaa mkekani karibu na mlango. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Maneno yalianza vizuri. Afande anatania, anasema kijana wake anakula mno, tutajuta.

Ndipo Aber akatoa simu kwenye begi.

"Kaka, kabla hujaendelea. Mimi ni shangazi, kazi yangu ni kuuliza." Akasoma kwa sauti, kila neno peke yake. "Odongo. Aliuza. Bunduki. Kisa cha kweli. Na picha ni ya huyu mzee mbele yetu. Sasa nyinyi jeshini mtu akiuza bunduki mnamwita nani? Mkwe?"

Ritah alikuwa ameshika birika. Alibaki amelishika.

"Shangazi, ile ni filamu," Jimmy akasema.

"Imeandikwa kisa cha kweli! Mimi sijui kusoma?"

Odongo alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Ni yule Isa! Amenikata jina makusudi. Leo hii nakwenda Jinja, wallahi, nitamvunja mikono yote miwili."

"Mnaona hasira hiyo?" Aber akaweka begi begani. "Kaka, twende."

"Kaa chini, bwana," Afande akamwambia Odongo.

"Sikai."

Nikaona vile mambo yanavyokwenda. Aber ataondoka, Afande atamfuata dada yake, na Odongo atapanda gari la Jinja na hasira ile. Nikasema, "Si Isa."

Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa nguvu. "Odongo, si Isa. Ni mimi nililikata."

Nikawaeleza, ubao na kitabu na daftari, yote. Odongo ananitazama.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Na unaniacha namtukana kijana wa watu mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Mama anamfunika mwanawe," Aber akasema. "Hata mimi ningefanya hivyo."

Nikampa Jimmy simu yangu, nikamwambia apige kwa Isa, sauti iwe ya wote. Isa akapokea, akaanza kabla sijasema salamu.

"Jaja, nimekwambia Jumatatu! Na ni wewe mwenyewe uliniambia maneno matatu yanatosha, watu wa Walukuba hawalipwi kusoma!"

Afande akaichukua simu. "Hapa ni Afande Herbert, wa Kimaka."

"Ndiyo, afande!" Tulisikia kabisa kijana anasimama huko aliko.

"Jina lote la filamu hii ni lipi?"

"*Odongo Aliuza Bunduki, Ndivyo Walivyosema*, afande."

"Mbona orodhani halipo?"

"Afande, likiwa refu simu inalikata yenyewe."

"Simu ikikata, ni kosa la simu. Wewe andika. Tunangoja."

Tukangoja. Nzi alitembea juu ya kitambaa cha chakula, Ritah hakumfukuza. Aber akafungua orodha upya, akasoma, "Odongo Aliuza Bunduki, Ndi... Imekatika!"

"Ilaze simu kwa ubavu, Shangazi," Jimmy akasema.

Akailaza. Jina likatanda lote kwenye kioo. Akalisoma kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha akasema, "Jina si neno la hakimu. Mtu anaweza kujipa jina lolote."

"Hilo kweli," Afande akasema. "Basi tuitazame yenyewe."

Jimmy akaipata, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Odongo akatoka nje. Filamu ile hajawahi kuitazama. Aliicheza, lakini kuitazama alikataa. Alisimama kwenye mahindi yake saa nzima na nusu, mgongo umetuelekea, na mimi sikuthubutu kumfuata. Nilibaki nasikiliza sauti yake ndogo inatoka kwenye simu, inajibu maswali ya hakimu. Aber alikuwa bado na begi begani. Ilipofika mahali ambapo mwanangu anatoka rumande na hakuna aliyekuja kumpokea, akalishusha sakafuni.

Ilipokwisha Afande akainuka. Akatoka, nami nikasimama mlangoni.

"Namba yako ya kazi ilikuwa ngapi?" akamwuliza Odongo.

Odongo akageuka. Miguu ikakutana, mikono ikanyooka ubavuni, akaitaja namba yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kufikiri.

"Afande Odongo," mzee akasema, "watoto wana njaa. Twende ndani."

Alitangulia. Odongo akaja nyuma yake, akafika mlangoni nilipokuwa, akasimama.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekwambia."

Alingoja kidogo, labda nitaongeza jambo. Nikasogea kumpisha. Akanipita, akaingia kula na wakwe zake.