Fundi Pole na Popo wa Ukumbini

Baba yangu ni fundi wa mapaa, na mtaani wanamwita Fundi Pole. Akipigilia msumari mmoja, anashuka ngazi, anarudi nyuma, anainamisha kichwa kuutazama, ndipo anapanda tena. Tangu mama afariki alikuwa amezidi kujifungia. Jioni anakaa mbele ya redio, ukimuuliza imesema nini, hajui. Kwa hiyo ukumbi wetu ulipoanza kuvuja, nilimtaja yeye kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu nyuma ya zahanati. Kila Jumamosi mchana wanamtaa tunakutana hapo kujifunza namna ya kuyatunza mazingira yetu: kijito kinachopita nyuma ya nyumba, miti iliyobaki, ndege, hata wadudu. Anayetufundisha tunamwita Mwalimu tu. Ni mjane aliyestaafu kufundisha sekondari, mwembamba, lakini sauti yake inafika barabarani.

Baba alikuja na ngazi begani, akapanda, akainua bati la pembeni. Alishuka mbio, sijawahi kumwona hivyo.

"Kuna popo huko juu," alisema akijifuta jasho. "Wamejaa tele. Nipeni leo tu, naziba mianya yote."

Mwalimu akaweka chaki chini. "Umeona watoto?"

"Sikukaa kuulizana nao umri, Mwalimu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akachukua tochi, akapanda ngazi mwenyewe, sketi kaikusanya kwa mkono mmoja. Aliposhuka, somo la siku hiyo likabadilika. Popo wale, alisema, wanakula wadudu, mbu wakiwemo. Majike wananyonyesha, na watoto bado hawajajua kuruka. Tukiziba mianya mama zao wakiwa nje kutafuta chakula, watoto watafia ndani.

"Sasa tufanyeje?" baba akauliza.

"Tusubiri waruke, fundi. Panapovuja tutaweka ndoo."

Nilidhani atanuna, kwa kuwa hapendi kuacha kazi njiani. Jumamosi iliyofuata akaja bila ngazi, eti kuangalia kama wameruka. Akakaa benchi la nyuma, karibu kabisa na mlango, kofia kaivuta hadi masikioni. Mimi peke yangu ndiye niliyejua: huyu mzee anatembea juu ya paa la ghorofa kama yuko sebuleni, ila anawaogopa popo kupita kiasi.

Jumamosi nyingine akaja tena. Shati limepigwa pasi. Benchi la nyuma akaliacha, akakaa la katikati, na akauliza swali kuhusu kijito. Shangazi, dada yake, ambaye mdomo wake hauna breki, akamgeukia mbele ya watu.

"Kaka, umewapenda popo ghafla hivi, au kuna mwingine uliyempenda?"

"Sikiliza somo, wewe," baba akasema, masikio yanamwaka.

Siku moja Mwalimu akatuambia tubaki hadi jua lizame. Tukasimama nje, shingo zimeelekea juu. Popo wakaanza kutoka mmojammoja chini ya bati, kisha wengi kwa pamoja, kimya kabisa. Kina mama wakashangilia kana kwamba ni watoto wao wanaohitimu. Katikati ya furaha hiyo, kipopo kimoja kisichojua vizuri kazi ya kuruka kikayumba, kikashuka, kikang'ang'ania shati la baba.

"Mwalimu," baba akaita kwa sauti ya chini sana, "kuna mtu amenikalia kifuani."

"Usiogope."

"Siogopi. Nimekauka tu."

Mwalimu akavua mtandio wake, akaukunja, akakifunika kile kiumbe taratibu na kukibandua. Kisha akaweka furushi lile mikononi mwa baba. "Kipeleke ukutani, kikwee chenyewe. Kutoka chini hakiwezi kuruka."

Nilitaka kumsaidia, shangazi akanivuta nguo. Baba akatembea hatua fupifupi mpaka ukutani, akaufunua mtandio. Kipopo kikakwea, kikatulia juu, kikajitupa hewani.

"Nimeusikia moyo wake kwenye kitambaa," baba akasema. "Unakwenda mbio kama wangu."

"Wako unakwenda mbio kwa ajili ya popo?" Mwalimu akauliza.

Baba akakunja mtandio kwa uangalifu mkubwa, akamrudishia.

Watoto wote wa popo walipokwisha kujua kuruka, baba alitengeneza kisanduku cha mbao zisizopigwa randa, ili wapate pa kushika, akakitundika juu ya ukuta wa nje. Kisha, jioni moja popo wakiwa wametoka wote, akaziba mianya. Walichukua muda kukubali makazi mapya, na kila siku alipita kuchungulia. Siku alipowakuta ndani alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu kumpa habari. Habari ikaisha, naye bado kasimama mlangoni.

"Kuna lingine, fundi?"

"Nyumbani kwangu paa halivuji," alisema. "Lakini ningependa uje ulione."

Mwalimu akamtazama kidogo. "Nitakuja Jumapili."

Jumapili hiyo niliwakuta uani. Mwalimu alikuwa akimwonyesha panapofaa kupandwa mti wa kivuli, na baba, chai yake inapoa juu ya kigoda, tayari ameshika jembe.