Shuka za Halina

Simu ya kwanza ilitoka Arizona, na mwenye simu hakusalimu.

"Bibi harusi wangu hana uso," alisema. "Gauni lipo, maua yapo, uso hakuna. Umeungua wote!"

Nikamwambia pole, mama, tutalishughulikia. Kuweka simu chini tu, ikalia tena. Huyu wa Texas: mbwa wake mweusi ametoka wa kijivu, na mke wake ametoka kama aliyemwagiwa unga. Nikajua siku imeshaharibika.

Mimi na shemeji yangu Carmine, aliyemuoa marehemu dada yangu Connie, tunatengeneza kamera kwenye gereji yake hapa Rochester. Kamera mpya, za filamu, zama hizi hizi. Cheka umalize. Carmine alitumikia kiwanda cha filamu mpaka kiwanda kikamchoka, akatoka na vitu viwili: mikono yake na kichwa kigumu. Mikono hiyo ndiyo inayotengeneza pazia, yaani lile bati jembamba ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga kufumba na kufumbua, filamu ipate mwanga wake. Hata springi za pazia anazikunja mwenyewe. Mimi nafunga kamera, nazijaribu, napokea simu na matusi.

Ubovu wa kamera haukuwa mgeni kwetu. Zile za mwanzo mwanga ulikuwa unapenya mlango wa nyuma na kuchora mstari mwekundu kwenye kila picha. Tukabandika sponji nyeusi, ukakoma. Nyingine zilikuwa zinachuna filamu, nikazipiga msasa, zikaacha. Lakini hili la picha kuungua lilikuwa jipya, na tulikuwa tumeshauza kamera majira yote ya baridi.

Nilipomweleza Carmine, alikaa kimya. Carmine akipiga kelele usijali. Akinyamaza, shika roho yako.

"Ni pazia," alisema mwishowe. "Linachelewa kujifunga, mwanga unazidi."

"Umepima?"

"Nipime nini, shem? Mkono umekwisha. Nakunja springi nikidhani ziko sawa, kumbe nazeeka."

"Mkono umekwisha, lakini jana kwenye soseji zangu ulikuwa mzima kabisa!"

Hakucheka. Akasema kama kosa ni la pazia, anauza mashine na kuhamia Florida kwa binti yake, ambaye kila Jumapili humpigia simu kumwambia baba njoo upumzike.

"Nitakaa kando ya bwawa," akasema. "Nitavaa kaptula."

Jamani, kaptula! Tangu amuoe dada yangu sijawahi kuliona goti la mtu huyu. Nilicheka mpaka nikakohoa, lakini ndani moyo uliniuma. Tangu Connie atutoke, asubuhi zangu zote ni kwenda kwenye gereji ile na kugombana na Carmine. Akienda, nitagombana na nani? Mume wangu Sal hajui kugombana, ukimwanza tu anakuambia umeshinda.

"Huuzi kitu," nikasema. "Tunapima kwanza."

Tuna kifaa cha kupimia pazia, taa upande mmoja na jicho upande wa pili. Nikaweka kamera, nikafyatua, nikafyatua tena. Pazia halikuchelewa hata chembe.

"Kifaa kibovu," akasema Carmine.

"Kifaa umekiunda wewe!"

"Ndiyo maana."

Basi kama si pazia, nikasema, ni kipimo cha mwanga. Kamera yetu ina jicho dogo linaloangalia mbele na kuamua filamu ipewe mwanga kiasi gani, na jicho hilo tunalirekebisha kwa skrubu. Kila kamera tuliipeleka pale kwenye mlango wa gereji, tukapiga picha uani kwa jirani, tukaisafisha kwenye chumba cha giza, na ikiwa nyeusi mno tukazungusha skrubu mpaka picha ipendeze. Ndivyo tulivyofanya sote wawili tangu Novemba. Na zilipendeza! Zilikuwa zimebandikwa ukutani pale pale: Halina, jirani yetu, na koti lake jeusi na koleo lake la theluji, uso wote upo, na hasira zake zote zipo.

Nikachukua kamera ile ile iliyompiga Halina mwezi wa Januari, nikasimama mlango ule ule. Halina alikuwa anapalilia maua. Nikampiga.

Picha ilipotoka, Halina hakuwa na pua.

"Umeona?" Carmine akaninyooshea picha mbili, ya Januari na ya sasa. "Kamera moja, mtu mmoja. Januari springi ilikuwa na nguvu, sasa imelegea. Zamani springi zangu zilikuwa hazilegei."

Akachukua tambara, akaanza kupaka mafuta mashine yake ndogo ya chuma, taratibu, kama unavyofanya ukitaka kitu kisishike kutu kikiwa kwa mtu mwingine. Niliondoka bila kuaga. Njiani nililia, na simwonei mtu haya kulisema.

Kesho yake nilifika mapema nikiwa na hasira, na hasira zangu lazima zipate mtu. Zikampata Halina. Huyu mama yakishachanua tu yale maua ya zambarau ya Mei, anaanika shuka zake nje, eti mashine ya kukaushia inaua harufu. Ua mzima ulikuwa mweupe, shuka kwa shuka, na yeye katikati na vibanio mdomoni. Ile kamera mbovu ilikuwa na filamu. Nikafyatua.

"Wewe Loretta!" Akatema vibanio. "Unapiga picha shuka zangu za kulalia? Huna aibu?"

"Nazipiga nikukumbuke nazo, jirani!"

"Subiri nikutolee na nguo za ndani basi!"

Upepo ulikuwa mzuri, na baadaye akazianua. Nikampiga tena akiwa amesimama kwenye majani matupu akinitolea ulimi. Kisha nikaenda kuisafisha filamu, maana hasira zilikuwa bado hazijaisha.

Picha mbili zikatoka. Kwenye ya kwanza Halina ana pua, ana mikunjo, ana vibanio mpaka unaweza kuvihesabu. Kwenye ya pili ni ulimi tu unaoelea kwenye ukungu.

Nikazitazama. Nikatazama ukutani, Januari yote. Nikapiga ukelele ambao Carmine alidhani nimejimwagia dawa.

"Shemeji! Springi imelegea jana, ikakaza asubuhi, ikalegea tena?"

"Unasema nini?"

"Shuka, Carmine! Theluji!"

Akavaa miwani. Akaangalia, akaangalia tena. Niliona mabega yake yakishuka kidogo kidogo. Jicho la kamera likiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, likabana, picha ikatoka nyeusi. Sisi tukazungusha skrubu kulilazimisha lifungue zaidi. Tukafanya hivyo majira yote ya baridi, mbele ya theluji, tukawauzia watu wa Arizona kamera zinazodhani dunia nzima ni ua wa Halina mwezi wa Januari. Wasioishi na theluji nusu mwaka wangeliona kosa siku ya kwanza. Sisi tulishaacha kuiona. Kweli mazoea yana taabu.

"Kwa hiyo pazia..." akasema.

"Pazia lako halina neno, mzee wa kaptula."

Akakaa kwenye kiti. Akacheka bila sauti, halafu akajifuta macho kwa lile tambara la mafuta na kujipaka usoni, nami nikamwacha nalo.

Sasa tulihitaji kitu cha kurekebishia skrubu, kitu kisicho cheupe wala cheusi, kisichobadilika Januari wala Julai. Nikasema tununue kadi ya kijivu. Carmine akasema wapiga picha wa zamani walikuwa hawana kadi. Walipima kiganja, wakaongeza hatua moja ya mwanga, basi.

"Kiganja cha nani?"

Akakunja mkono wa shati, akausogeza mkono wake mlangoni, penye mwanga, akauacha pale mbele ya lenzi. Nikazungusha skrubu, nikafyatua.

Tuliisubiri picha pamoja kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, bila kutukanana hata mara moja. Kiganja kikaibuka kwenye karatasi: mistari yote, sugu zote, na kovu alilopata akimfungulia Connie kopo la nyanya mwaka wao wa kwanza. Nilikuwa nimelisahau kovu lile. Yeye hakuwa amelisahau.

Akaisogeza picha karibu na pua.

"Kidole hiki cha mwisho kimetikisika," akasema.

Ni kweli, kilikuwa na ukungu kidogo pembeni.

"Hicho kinakunja springi?" nikauliza.

"Hicho? Hapana. Hicho kazi yake ni kushikia kikombe."

"Basi kitoe kikashikie, unywe kahawa. Kuna mwanamke Arizona anataka uso wake."

Akaibandika picha ukutani, juu ya Halina wote wa Januari, akavuta kamera ya kwanza ya kurekebisha, akanyoosha mkono tena mlangoni.

"Fanya haraka, shem," akasema. "Unachoka huu."